Eastlands Inastahili Ziwa Lake

Kambi ya hema kando ya ziwa ni mapumziko yasiyohitaji mengi. Panatakiwa maji ya kutazama, ardhi tambarare isiyotuamisha mvua, choo safi, maji ya kunywa, mahali pa kukokea moto, na uhakika kwamba hakuna atakayekuja usiku wa manane kuwafukuza waliolala. Hitaji hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana haliuzwi dukani. Linatokana na ardhi ya umma iliyopimwa, ikaandikishwa na kulindwa kwa ajili ya yeyote anayefika na hema lake. Kwa mkazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ardhi ya namna hiyo yenye maji kandoni haipo karibu na nyumbani, na ile iliyo mbali inazidi kupungua.

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki ya katikati ya jiji: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Bahati, Jericho, Maringo, Buruburu, Umoja, Donholm, Kariobangi, Dandora, Komarock, Kayole, na kuendelea hadi Njiru na Ruai. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi, 626,482 Njiru, 268,276 Kamukunji na 189,536 Makadara. Hizo nne peke yake zina zaidi ya watu milioni 2, karibu nusu ya wakazi 4,397,073 wa Nairobi nzima. Hapa ndipo wanapolala watu wengi wanaoendesha jiji hili: makanga, mafundi, walimu, wauguzi, wachuuzi wa soko la Gikomba, walinzi wa majumba ya upande wa pili wa jiji.

Ukiitazama ramani ya bustani na misitu ya umma, hesabu inageuka. Arboretum iliyoanzishwa 1907, City Park, msitu wa Karura, msitu wa Ngong Road na Uhuru Park iliyofunguliwa 1969, zote ziko magharibi au kaskazini ya katikati ya jiji. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Serikali ya kikoloni iliwagawia Wazungu miinuko yenye miti na hewa baridi, na Waafrika ikawapangia mitaa kwenye uwanda wa mashariki, wenye udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, upande ambao maji machafu ya jiji huelekea. Mitaa ya mwanzo haikunyimwa nafasi kabisa. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilipangwa nyumba zikizunguka viwanja vya nyasi na ukumbi wa jamii. Buruburu ya miaka ya 1970 ilipewa vijiwanja vyake. Dandora, iliyoanza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliwapa maelfu ya familia ploti zenye maji na choo ili zijijengee zenyewe, na nafasi za pamoja zikachorwa kwenye ramani. Baada ya hapo kila pengo likaonekana kuwa ploti. Viwanja vingi vikageuka vibanda, makanisa, gereji na maegesho ya matatu, na upande wa mtaa wa Pipeline ghorofa zimesongamana hata nguo zilizoanikwa roshani hazipati jua.

Maji yenyewe Eastlands inayo. Mto Nairobi unapita Gikomba na Korogocho hadi Dandora. Mto Mathare unaungana nao. Mto Ngong unakatiza Mukuru, ukapita kandokando ya Donholm na Kayole kabla ya kuungana na ndugu zake huko mashariki. Yote ni mito iliyobebeshwa kinyesi, mafuta ya gereji na maji ya viwandani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu waliokuwa wakiishi kwenye kingo zake, hasa Mathare. Na pale Ruai, mabwawa mapana ya kusafishia majitaka ya jiji yana ndege wengi wa majini kiasi cha kuwavuta watazamaji wa ndege kutoka mbali. Inasikitisha kwamba kidimbwi kinachofanana zaidi na ziwa katika upande huu wa jiji ni cha majitaka.

Kwa hiyo anayetaka kulala kando ya ziwa hufunga safari ya Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Hilo ni ziwa la maji baridi, linalolishwa hasa na mito Malewa na Gilgil, na tangu 1995 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Vijana wa makanisa huenda wakati wa Pasaka, vyama vya akina mama huenda baada ya kugawana akiba mwishoni mwa mwaka, na tangu mashindano ya magari ya Safari Rally yahamie huko 2021, kulala kwenye hema Vasha, kama Naivasha inavyoitwa mtaani, kumekuwa jambo la kujivunia mtaani. Safari huanza kwa michango. Mmoja anakusanya pesa kwa simu, mwingine anatafuta mahema ya kukodi, wa tatu anabeba sufuria, jiko na gunia la makaa. Matatu ya mtaani huwafikisha mjini, nyingine huwapeleka Naivasha, na ya tatu huwashusha mahali fulani kwenye barabara ya Moi South Lake. Wikendi ya sikukuu nauli hupanda katika kila hatua, na kwa familia ya watu watano pesa nyingi huishia barabarani kabla hata ya mtoto kuona maji.

Ufuo wa umma unaofahamika zaidi na wasafiri hawa ni Kamere, karibu na njia panda ya lango la Elsa la hifadhi ya Hell's Gate. Mwingine uko Karagita, karibu zaidi na mji. Kamere ni mahali padogo penye uhai mwingi. Mashua za wavuvi huvutwa hadi kwenye matope, na korongo marabou hutembea katikati ya watu wakingoja matumbo ya samaki. Akina mama hukaanga ngege na kambare kwenye makarai ya mafuta, wakawauza na ugali na kachumbari juu ya meza zilizofunikwa nailoni. Waendesha boti huwapigia kelele wageni, huku majaketi ya kuokolea yakining'inia begani. Mtoto wa Kayole ambaye amewajua samaki wakiwa wamekaushwa sokoni humwona hapo samaki akiruka ndani ya neti, na mwari akitua juu ya maji kwa kishindo. Hilo ni somo ambalo shule haiwezi kulifundisha ubaoni.

Kinachokosekana hapo ni nafasi ya kulala. Ufuo wa umma ni ukanda mwembamba uliobanwa na mali za watu binafsi kulia na kushoto, na sababu yake ni ya miaka mingi. Makubaliano ya 1904 yaliwahamisha Wamaasai kutoka ardhi hii ya Bonde la Ufa ili walowezi wapewe. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ilikubali chama cha wenye mashamba ya kando ya ziwa kisimamie ardhi inayoachwa maji yanapokupwa, ile iliyo chini ya mwinuko wa futi 6,210. Kuanzia miaka ya 1980 mashamba ya maua yakatanda, yakifuatwa na hoteli na kambi za kulipia. Baadhi ya kambi hizo ni nzuri na zina bei ya wastani, na hakuna kosa mtu kufanya biashara. Kosa ni pale ambapo ziwa la kilomita nyingi za mwambao linabakiwa na vipenyo vichache tu ambavyo raia anaweza kupita bila kuomba ruhusa ya mwenye lango.

Sheria haiko upande wa lango. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinayataja maziwa na mito kuwa sehemu ya ardhi ya umma. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinakataza kulima na kujenga kwenye kingo za mito na vijito, kati ya mita 6 na mita 30 kutegemea kiwango cha juu cha mafuriko. Jedwali la Nne la Katiba linazikabidhi serikali za kaunti jukumu la bustani, fuo na vituo vya burudani. Maneno hayo yanatosha. Kinachopungua ni vigingi vya mipaka vinavyoonekana kwa macho, na ofisa wa kaunti mwenye ujasiri wa kuvilinda.

Wanaojaribu kulala kwenye ukingo usio na uzio hukutana na kiboko. Mnyama huyu hushinda majini, hutoka giza linapoingia, hula nyasi nchi kavu usiku kucha na kurudi alfajiri kwa njia zilezile. Hatari kubwa ni kukaa kati yake na maji, kwa kuwa akishtuka hukimbilia ziwani na kumpitia yeyote aliye mbele yake. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kwenye ukingo wa ziwa hili, na mvuvi mwenyeji akauawa siku hiyo hiyo. Kambi za kulipia hufunga nyaya za umeme mdogo usawa wa goti, zinazotosha kumrudisha kiboko bila kumdhuru. Nyaya hizo, taa na mlinzi mmoja wa usiku ndizo zinazotenganisha kambi salama na ya hatari, na kwenye fuo za umma hazipo. Hakuna kikundi kinachopaswa kulaza watoto Kamere katika hali ya sasa. Wenye mahema wasio na uwezo wa kulipia kambi ya ziwani wanashauriwa kupanda hadi ndani ya Hell's Gate, iliyotangazwa hifadhi 1984, ambako kambi za umma za Naiburta, Ol Dubai na Endachata ziko juu ya miamba, na mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au baiskeli. Ni kambi bora, ila ziwa wanaliona kwa mbali. Bondeni mwa hifadhi nako kuna hatari yake: mvua ikinyesha milimani, maji hujaa kwenye korongo ghafla, na mafuriko ya aina hiyo yaliua wageni 2012 na tena 2019.

Halafu ziwa lenyewe limehama. Tangu mvua kubwa za 2019 na 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na mtaa wa Kihoto mjini Naivasha umeingiwa na maji zaidi ya mara moja. Maji yakipanda, mwenye ekari mia anapoteza sehemu ya malisho; ufuo wa umma wenye upana wa uwanja wa mpira unaweza kutoweka wote. Hiyo ni sababu nyingine ya kaunti ya Nakuru, ambamo ziwa limo, kupima fuo zake upya na kuzipa nafasi ya kurudi nyuma, ili maji yakisogea wananchi nao wawe na pa kusogea.

Jiji la Nairobi nalo limewahi kuwa na maji yake ya mapumziko. Bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa 1953 kuwa akiba ya maji, na kwa miaka mingi mashua za tanga zilishindana juu yake. Leo limefunikwa na magugu maji na kuzibwa kwa matope, taka na maji machafu yasiyozuiwa huko juu. Mto unaotoka bwawani ni huo huo Ngong unaofika Mukuru na Kayole, kwa hiyo kuoza kwa bwawa hilo ni jambo linalomhusu mkazi wa Eastlands moja kwa moja. Kidimbwi cha Uhuru Park, chenye boti za kupiga kasia, ndicho kilichobaki kuwa ziwa la Jumapili la watoto wa mashariki. Hata hicho kilinusurika. Mwaka 1989 ulikuwepo mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, na mwanamazingira Wangari Maathai ndiye aliyeupinga hadharani hadi ukaachwa. Kulala humo hairuhusiwi, na katikati ya jiji si mahali pa hema.

Kupiga kambi jijini si wazo geni. Skauti ilianza Kenya 1910, na kambi ya taifa ya Rowallan, kando ya msitu wa Ngong Road, imelaza vizazi vya watoto wa shule wakiwemo wa Jericho na Makadara. Huko mtoto hujifunza kufunga fundo, kusimika hema kwa kuelekeza mlango mbali na upepo, kuchimba mfereji mdogo wa kuzuia maji ya mvua, kupika kwa zamu, kuzima moto kwa maji hadi majivu yapoe, na kulala kwa amani akisikia sauti asizozijua. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinataja mapumziko na michezo kuwa haki. Haki hiyo haitekelezwi kwa kumwambia mtoto wa Njiru asubiri hadi mzazi apate nauli ya Naivasha.

Jibu liko ndani ya Eastlands yenyewe, kwenye matimbo. Nairobi ilijengwa kwa mawe ya uwanda huu wa mashariki. Kuanzia Kayole hadi Njiru na Embakasi, wachimbaji wametoa mawe ya kujengea na kokoto kwa miongo mingi, na walipomaliza wakaondoka. Mwamba wa volkeno ulio chini haupitishi maji kwa urahisi, hivyo mvua hujaa na kukaa. Timbo lililoachwa huwa ziwa dogo lenye kuta wima, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kina kisichojulikana. Watoto huogelea humo kila likizo, kwa kuwa hawana pengine. Kila msimu wa mvua habari ni ileile: sare ya shule na viatu vimekutwa ukingoni, majirani wanapiga mbizi kwa kamba, na mzazi ameitwa kutoka kazini. Serikali na wenye ardhi huahidi kujaza shimo, lakini mara nyingi kinachofanyika ni kumwaga taka.

Dandora ni ushahidi wa mahali njia hiyo inapoelekea. Jalala kuu la jiji lilianza miaka ya 1970 katika timbo la zamani. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Moshi wake hufika Korogocho na Kariobangi, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye lundo hilo huishia mto Nairobi. Shimo moja lililoachwa bila mpango limegharimu afya za watu kwa karibu miaka 50.

Njia nyingine ilijaribiwa pwani wakati huohuo. Huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba matumbawe na kuacha jangwa jeupe lenye maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu, na uliofaa zaidi ulikuwa mvinje. Majani yake makavu yalilala chini bila kuoza, kwa hiyo Haller akaleta jongoo, waliokula majani hayo na kuyafanya mbolea. Udongo ukajengeka kidogo kidogo, miti mingine ikafuata, vidimbwi vikawekwa samaki, ndege wakaja wenyewe. Miaka ya 1980 mahali hapo pakafunguliwa kwa wageni, na leo Haller Park ni miongoni mwa vivutio vinavyotembelewa sana Mombasa. Dandora na Bamburi zilianza na kitu kimoja, shimo lililomaliza kazi yake. Tofauti ilitokana na uamuzi wa mwenye shimo.

Timbo la Njiru halitakuwa Bamburi, na ni vema tofauti zielezwe. Bamburi ni mali ya kampuni yenye pesa na wataalamu. Eastlands itategemea kaunti. Pwani udongo haukuwepo kabisa. Nairobi udongo mweusi upo tele, lakini hema likisimikwa juu yake masika huzama, hivyo vituo vya mahema vitahitaji kuinuliwa kwa kokoto na mchanga. Mvinje ulikuwa mti wa chumvi na upepo wa bahari. Kwenye maji ya bara, mgunga wenye gome la manjano, uleule unaopamba Naivasha, hukua haraka na mizizi yake hushika kingo.

Kazi ya kwanza ni kuta. Ukuta wima wa timbo hukatwa kwa ngazi pana, ili anayeteleza aanguke hatua moja badala ya kutumbukia. Upande mmoja hulainishwa kuwa mteremko wa taratibu unaoingia majini, na huo ndio ufuo. Pande nyingine hufungwa kwa uzio wa miiba na miti. Kazi ya pili ni maji. Mifereji ya mitaa ya jirani lazima igeuzwe isiingie, na maji ya mvua yapitishwe kwanza kwenye kidimbwi cha matete, yaache matope na uchafu humo kabla ya kufika ziwani. Samaki wadogo na ngege hula viluwiluwi vya mbu. Konokono wa kichocho lazima wapimwe kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kugusa maji, na vipimo virudiwe kila msimu. Kuogelea kupigwe marufuku mpaka awepo mwokoaji wa kulipwa, tena katika eneo lililozungushiwa kamba pekee. Boti za kasia zinatosha kwa mwanzo.

Sehemu ya kulala iwe ndogo, mahema 20 au 30 kwa usiku mmoja, upande ulio mbali na maji na karibu na lango. Vyoo vya wanawake vizidi vya wanaume, na taa zake ziwake hadi asubuhi. Hili lisichukuliwe kuwa jambo dogo: msichana wa Umoja hatapewa ruhusa na mama yake kulala mahali ambapo njia ya chooni ni giza. Moto ukokwe kwenye mashimo ya mawe yaliyojengwa, makaa yauzwe hapohapo ili miti isikatwe, muziki uzimwe saa nne usiku. Usiku wa Jumatano na Alhamisi utengewe shule, bila malipo.

Uendeshaji ndio huangusha miradi ya namna hii, na hapo Nairobi ina mifano mizuri ya kuiga. Msitu wa Karura, ambao watu walipigwa 1999 wakiutetea dhidi ya wanyakuzi, ulikuwa mahali pa hofu hadi mwaka 2009, pale Huduma ya Misitu na chama cha wananchi waliposhirikiana kuweka uzio, walinzi wa kutoka vijiji vya jirani na ada ndogo langoni. Leo akina mama hukimbia humo wakiwa peke yao. Bustani ya Michuki kando ya mto Nairobi ilisafishwa kutoka kwenye gereji na taka kuanzia 2008, ikathibitisha kwamba ukingo uliooza hufufuka ndani ya miaka michache. Na Korogocho, vijana wa kikundi cha Komb Green Solutions waligeuza jaa la kando ya mto kuwa bustani ya watu kwa majembe na mikono yao, katika mtaa ambao wageni huuogopa. Vijana wa namna hiyo ndio wanaostahili kuajiriwa kuwa walinzi, waendesha boti na wasafishaji wa ziwa la Eastlands, kwa mshahara wa kila mwezi. Mradi wa siku chache wenye fulana na picha hautoshi. Ada ya langoni iwe ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini na kurudi, na pesa zibaki kwenye akaunti ya bustani badala ya kupotelea katika hazina ya jumla ya kaunti.

Wapo watakaosema kwamba mitaa yenye uhaba wa maji ya bomba, shule na zahanati haina haja na kambi ya mahema. Hoja hiyo imetumika Eastlands tangu ukoloni, na matokeo yake ni kwamba vyote vimekosekana kwa pamoja: kiwanja kimetolewa kafara, na zahanati haikujengwa juu yake. Isitoshe, timbo halikai bila kazi. Lisipokuwa ziwa litakuwa jalala au kaburi la watoto, na gharama ya hayo mawili hulipwa na mitaa hiyohiyo.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inaruhusu aliyeharibu ardhi aagizwe kuirejesha katika hali nzuri, hivyo mzigo wa kukata kuta na kugeuza mifereji hauna sababu ya kumwangukia mlipa kodi peke yake pale mwenye timbo anapojulikana. Kaunti ya Nairobi ianze kwa kuorodhesha matimbo yote yaliyoachwa katika Kayole, Njiru na Embakasi: mmiliki, kina, ubora wa maji, na umbali wa kituo cha matatu kilicho karibu. Lililo ndani ya umbali wa kutembea kutoka steji lipewe kipaumbele, maana ziwa lililo mbali na steji litakuwa la wenye magari. Kisha lichaguliwe moja, ardhi inunuliwe au ibadilishwe kwa nyingine, na hati iandikwe kwa jina la kaunti kuwa bustani ya umma, ikiwa na ramani inayoonyesha ukingo wa maji na mita zake 30. Hati hiyo itoke kabla ya kandarasi ya kwanza kusainiwa, na nakala yake ibandikwe langoni, mahali ambapo kila mwananchi anaweza kuisoma.